Mgeni Akifika Mwezi wa Saba

Kalenda ya utalii ya Tanzania haikupangwa na maua. Watalii wengi huja kati ya Juni na Oktoba, barabara zikiwa kavu, nyasi zimelala na wanyama wamejazana kwenye maji yaliyobaki. Kwa Serengeti au Ruaha huo ndio wakati wa mavuno. Kwa Kitulo ni wakati wa usingizi. Uwanda huu ulio juu ya milima inayoitazama Kyela huanza kuchanua mvua zinaposhika Novemba, hukolea kati ya Desemba na Machi, na ikifika Mei shughuli imekwisha. Atakayepanda huko mwezi wa saba atakuta nyasi za kahawia, upepo wa kukata masikio, na alfajiri nyingine jalidi nyeupe juu ya ardhi. Aliahidiwa bustani, naye anaoneshwa malisho.

Hapo ndipo kazi ya kituo cha wageni inapoanza. Seronera, katikati ya Serengeti, kipo kituo kizuri tu, lakini hata kikifungwa kwa matengenezo hakuna atakayedai kurudishiwa kiingilio: simba yuko nje chini ya mti, anajieleza mwenyewe. Ua halina tabia hiyo. Okidi ya Kitulo inaweza kuwa na kimo cha kiganja, imejificha kati ya nyasi, na kwa zaidi ya nusu ya mwaka haionekani kabisa juu ya ardhi. Bustani ya namna hii isipopata nyumba ya kuisemea, mgeni hupita juu yake na buti zake huku akiitafuta.

Basi niseme ninachokiamini mapema, halafu nikitetee. Nyumba ya kupokea wageni wa Kitulo iandaliwe kwanza kwa ajili ya mgeni wa Julai. Wa Februari atajitegemea.

Tupatazame mahali penyewe. Ukisimama ufukweni Matema na kulipa ziwa kisogo, unauona ukuta wa Milima ya Livingstone ukipanda karibu moja kwa moja kutoka mchangani. Maji ya Ziwa Nyasa yako kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600, na kilele cha Mtorwi kinafika 2,961. Chini, Kyela, kuna mpunga, kokoa, michikichi, na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Juu kuna viazi mviringo, pareto, na watu waliovaa makoti mchana kweupe. Ndege angekata umbali huo kwa safari fupi kuliko ya basi la Kyela mjini hadi Mbeya.

Wenyeji waliuita uwanda huo Bustani ya Mungu kabla serikali haijafikiria kuuwekea mipaka. Ramani za kikoloni ziliuandika Elton Plateau, kwa kumbukumbu ya James Frederic Elton, konseli wa Uingereza aliyepita milima hii na msafara wake mwaka 1877 akitokea upande wa ziwa, akafia Ugogo kabla mwaka haujaisha. Baada ya uhuru sehemu ya uwanda ilifugiwa kondoo, kisha ng'ombe wa maziwa, na shamba la mifugo la Kitulo bado ni jirani wa hifadhi. Rais Benjamin Mkapa alitangaza mwaka 2002 kwamba pangefanywa hifadhi ya taifa; mwaka 2005 ikatangazwa rasmi, eneo la kilomita za mraba 413 hivi, makao makuu yakiwa Matamba. Ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa sababu ya mimea. Aina zinazotajwa ni 350 hivi, na kati yake okidi za ardhini ni 45. Wataalamu wa mimea waliipa jina la pili, Serengeti ya Maua. Ni jina linalouza vipeperushi, na ndilo linalompandisha mgeni wa Julai mlimani na matumaini ambayo mwezi huo hauwezi kuyatimiza.

Maana Julai kilicho hai kiko chini ya udongo.

Okidi hizi si zile za kuning'inia mitini ambazo watu wa mjini hununua kwenye vyungu. Nyingi huota ardhini, za jenasi kama Disa, Satyrium na Habenaria, na mmea mmoja huwa na viazi viwili vidogo. Kimoja ni cha msimu uliopita: kimenywea na kukunjamana, kwa kuwa akiba yake ndiyo iliyotoa majani na ua la mwaka huu. Cha pili ni kipya, kimejaa, na ndani yake mmea unaweka chakula cha mwaka ujao. Ua likishapukutika majani hukauka, kiazi kikongwe huoza, na maisha yote ya mmea hubaki ndani ya kile kipya, gizani, yakisubiri mvua. Jalidi hupita juu yake. Moto wa nyasi nao, ukienda mbio, hupita juu yake. Mgeni wa Julai anayedhani amefika mahali patupu amesimama juu ya ghala lililofungwa.

Ghala hilo lina wanaolijua. Kiazi kipya, kile kilichojaa, ndicho jembe linachokitafuta. Ng'ambo ya Tunduma, Zambia, viazi hivi ndivyo vinavyopikiwa chikanda: hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, na kusongwa motoni mpaka viwe donge zito la kukatwa vipande. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini kaskazini mwa Zambia, hasa kwa Wabemba. Kikaja kupendwa mijini, masokoni na hata mahotelini; viazi vya porini vya huko vikapungua, na wachuuzi wakaanza kuvuka mpaka kutafuta vingine. Watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, walikadiria kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kila mwaka kutoka Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kwenda Zambia. Tishio hilo lilikuwa miongoni mwa sababu nzito za kuitaka Kitulo iwe hifadhi.

Idadi hiyo inatisha zaidi ukijua okidi inavyozaa. Mbegu yake ni vumbi. Haina chakula chochote ndani, kwa hiyo haioti mpaka ikutane udongoni na kuvu wa kuilisha, na tangu kuota hadi kutoa ua hupita miaka. Mbegu maelfu hupotea ili moja ishike. Jembe humaliza kazi hiyo yote kwa dakika moja.

Sasa jiweke katika nafasi ya mtu aliyekabidhiwa chumba kitupu cha maonesho na fedha kidogo. Njia nyepesi ni bango: picha ya kiazi, mstari mwekundu wa mkato, na onyo la sheria chini yake. Naona ni njia mbaya. Mgeni wa mbali ataondoka akiamini adui wa maua ni mama wa Makete mwenye jembe na kikapu. Mtoto wa Matamba aliyeletwa na shule yake, ambaye huenda daftari zake zilinunuliwa kwa fedha za viazi hivyo, atasimama mbele ya bango hilo akiona nyumbani kwao pameshtakiwa. Wala si kweli kwamba jambo hili ni la Waafrika maskini peke yao. Waturuki husaga viazi vya okidi kutengeneza salep, kinywaji cha moto cha majira ya baridi, na ndiyo hiyo huifanya aiskrimu ya Maraş iwe nzito ya kuvutika. Okidi zao za porini zimepungua kwa sababu hiyo, na serikali yao imepiga marufuku kuuza salep halisi nje ya nchi. Mezani Istanbul hakuna anayemwita mnywaji wa salep jangili.

Chumba changu kingeanza na huyo mama. Anaujuaje mmea wenye kiazi kabla ua halijatoka? Anatazama jani gani, unyevu gani, mteremko wa upande upi? Anatofautishaje kiazi kitakachomlipa na kile cha kuachwa? Hiyo ni elimu ya mimea iliyopatikana kwa vidole, na mtu mwenye digrii hutumia misimu kadhaa kuipata. Kazi ya kwanza ya kutangazwa kwenye kituo kama hiki, kabla ya mhasibu na mlinzi wa lango, ingekuwa ya mwongoza wageni, na sharti lake liwe moja: awe amewahi kuchimba. Sina hakika idara ya utumishi ingelipitisha tangazo hilo. Lakini ni nani mwingine atakayempeleka mgeni wa Julai kwenye kipande cha nyasi kavu, apige goti, apapase udongo bila kuuchimba, na kusema: hapa vipo?

Na viazi vya kuonesha vifinyangwe. Hapa ndipo Kyela inapoingia. Ikombe, kijiji kilicho jirani ya Matema, wanawake wa Kikisi wamekuwa wafinyanzi tangu zamani, na vyungu vyao huuzwa kwenye soko la Lyulilo ufukweni kabla ya kusambaa Tukuyu, Mbeya na kwingine. Wape mfano wa kiazi kikongwe na kipya, watatengeneza vya mwezi wa kwanza, wa nne, wa saba na wa kumi, vya kushikwa na watoto na kuanguka bila hasara kubwa. Wape pia kazi kubwa zaidi: ramani ya udongo ya milima yote, upana wa meza mbili, yenye mabonde na makorongo yake. Mgeni achukue birika na kumwaga maji juu ya Kitulo. Maji ya upande wa kaskazini yatateremka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, yaelekee Mtera na Kidatu hadi Rufiji. Yale yanayoangukia upande wa ziwa yatafuata makorongo hadi mto Lufilyo, na yataishia kwenye mpunga wa Kyela na ndani ya Nyasa. Kifaa hicho hakihitaji umeme, hakiharibiki mtandao ukikatika, na mtoto wa Kyela hahitaji kuambiwa kwa hotuba kwa nini nyasi za Wakinga na Wawanji, wenyeji wa milimani, zinamhusu. Ameyaona maji yakienda kwao.

Jambo moja tu lisioneshwe: mahali. Vituo vingine hujivunia ramani zenye alama ya kila kivutio. Bustani ya viazi vinavyouzwa haiwezi kufanya hivyo, maana ramani iliyo sahihi kupita kiasi humfaa mwizi kuliko mgeni. Siku hizi hata mgeni mwema huivujisha siri bila kujua: simu yake huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, na picha ikishapandishwa mtandaoni, safari ya jembe imerahisishwa. Kwa hiyo maneno ya kwanza ya mwongoza wageni mlangoni, baada ya salamu, yawe ni kuwaomba wageni wazime huduma hiyo kwenye simu zao. Watakubali. Watu hupenda kuaminiwa siri.

Wako waliotangulia kupambana na matatizo haya. Mfano wa karibu kabisa ni Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902 na kupanda miti kutoka pembe zote za dunia. Msitu wa hifadhi ya asili ulipoanzishwa huko mwaka 1997, taarifa kwa wageni hazikuwekwa kwenye jengo jipya la kioo. Ilikarabatiwa nyumba ya zamani ya msimamizi wa stesheni ya reli pale Sigi, bondeni, kabla ya kupanda Amani yenyewe. Reli ilikwisha kung'olewa zamani. Uamuzi huo ni wa busara kwa sababu mbili: nyumba yenyewe ni sehemu ya historia inayoelezwa, na mgeni huisoma milima akiwa bado chini, kabla haijamchosha.

Mfano wa pili uko mbali, kaskazini mwa India, jimboni Uttarakhand, katika bonde ambalo Waingereza walilipa jina la Bonde la Maua baada ya mpanda milima Frank Smythe kulipitia mwaka 1931. Likawa hifadhi ya taifa mwaka 1982, na likaingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005, mwaka uleule wa Kitulo. Wao wamekata shauri moja kwa moja: lango hufunguliwa Juni na kufungwa mwisho wa Oktoba, theluji ikirudi hakuna anayeingia. Hakuna anayelala ndani. Wageni hulala Ghangaria, kijiji kilicho chini ya bonde, hupanda asubuhi kwa miguu na kuteremka jioni. Fedha ya chakula na malazi hubaki kijijini. Lakini mifugo ilipozuiwa kuingia, magugu marefu yalienea sehemu fulani, na tangu hapo wanasayansi wamebishana kama wachungaji walikuwa wakiliharibu bonde au wakilipalilia. Mtu anayeandaa maonesho ya Kitulo, penye historia ya kondoo, ng'ombe na moto, asijifanye mabishano hayo hayapo. Mgeni mwerevu atauliza, na "tunaendelea kujifunza" ni jibu la heshima likifuatwa na maelezo ya nini kinapimwa na wapi.

Mfano wa tatu ni Namaqualand, Afrika Kusini, ambako jangwa huchanua kwa majuma machache ya Agosti na Septemba, na maua hufunguka jua likiwaka tu. Kwa miaka mingi wageni wamekuwa na namba ya simu ya kupiga kuuliza maua yako wapi leo. Ni huduma ya bei ndogo kuliko zote nilizozitaja, na ndiyo ningeianza kesho. Mtu mmoja Matamba, simu moja, na ujumbe mfupi kila Jumatatu: nini kimechanua, barabara ikoje, ukungu unashuka saa ngapi.

Barabara ni sura nyingine kabisa. Kutoka Chimala, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, njia hupanda kwa kona 57, na mlima wenyewe huitwa Hamsini na Saba kwa sababu hiyo. Upande wa pili kuna njia ya Isyonje, inayoachana na barabara ya Mbeya na Tukuyu na kuelekea Makete. Zote mbili humleta mgeni kutoka kaskazini au magharibi, akiwa na gari. Ndiyo maana karibu kila mtu anapofikiria lango la Kitulo hufikiria juu, Matamba.

Mimi ningeweka nusu ya nyumba Matema.

Sababu yangu si mandhari. Njia kati ya mlima na ziwa ni ya zamani kuliko utalii. Wakinga walifua chuma na kushuka na majembe. Wanyakyusa wa bondeni walikuwa na chakula cha ziada. Wakisi walikuwa na vyungu. Monica na Godfrey Wilson, walioishi na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliikuta kumbukumbu ya biashara hiyo ikiwa hai. Waswahili husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huku mgeni alikuja nalo. Anayeteremka leo kutoka uwandani, akapita msitu na kutokea ufukweni, anafuata mkondo uleule wa watu waliokuwa na haja na wenzao. Hadithi hiyo inastahili ukuta mzima, na ukuta huo unafaa uwe chini, soko la vyungu likiwa mlangoni.

Kipeperushi cha hifadhi kimezoea kusema kwamba mwendo wa miguu kutoka Kitulo hadi Matema ni wa nusu siku. Labda kwa kijana wa Kikinga asiyebeba kitu. Kushuka zaidi ya mita 2,000 kwa miguu, kutoka kwenye baridi ya koti hadi kwenye joto la Kyela, ni kazi ya magoti, na anayetoka Ulaya juzi apewe siku nzima, maji ya kutosha na ukweli. Kituo kinachosema kweli kuhusu mwendo huaminiwa kinaposema kuhusu maua.

Katikati ya mteremko huo yumo mkazi ambaye angeweza kumfariji mgeni wa Julai kuliko ukuta wowote. Msitu wa Livingstone, ulio ndani ya hifadhi, ni makazi ya kipunji. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja nyani huyo mwenye haya na mlio wa ajabu. Watafiti walimwona mwaka 2003, wenzao wakamkuta kivyao Udzungwa mwaka uliofuata, na mwaka 2005 akatangazwa kwa dunia. Mwaka 2006 ikabidi apewe jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Hesabu ya kwanza kamili, iliyotolewa mwaka 2008, iliwapata 1,100 na ushee tu. Kipunji hana msimu wa kuchanua. Hata hivyo tahadhari: asiahidiwe. Mbayuwayu wa buluu naye huja Kitulo kutaga wakati wa mvua, kisha huhamia upande wa Uganda na Kenya magharibi, kwa hiyo Julai hayupo. Huyo aandikwe kwenye ubao kama alivyo, msafiri aliyeondoka.

Nimesema mengi juu ya kuta, na nyumba ya wageni huhukumiwa kwa vyoo. Vyoo, maji, na mahali pa kukausha nguo. Juu Matamba pawe na moto na chai ya maziwa, pawe na makoti ya kukodisha, kwa maana mtu aliyepanda kutoka Kyela na fulana hasikilizi habari za okidi huku meno yakigongana. Wakati wa mvua pawe na gambuti za namba zote, hasa ndogo, za wanafunzi. Malipo ya kiingilio hufanywa kwa namba ya malipo badala ya fedha taslimu, na milimani mtandao hukatika. Pawe na mtu aliyefundishwa la kufanya ukikatika, basi la wanafunzi likiwa limesimama nje. Chini, Matema, shida ni nyingine: unyevu. Karatasi za mimea iliyokaushwa zikitundikwa ufukweni zitaota ukungu kabla ya Pasaka. Vitu vya karatasi vikae juu penye ubaridi, vya udongo vikae chini.

Imebaki siku ya ufunguzi. Kwetu majengo ya umma hukamilika kwa kasi mwaka wa fedha unapokaribia mwisho, Juni 30, na Mwenge wa Uhuru, ambao miaka ya karibuni hukimbizwa kuanzia Aprili hadi Oktoba 14, huzindua miradi njiani. Kwa hiyo kila uwezekano unaonesha kwamba nyumba ya Kitulo ingefunguliwa wakati hakuna ua la kumpa mgeni rasmi. Mpenda maua angeomba ifunguliwe Februari. Mimi nimebadilika nikiwa naandika sura hii: ifunguliwe Julai. Nyumba iliyofunguliwa Februari husifiwa kwa kazi ya maua. Ya Julai haina pa kujificha. Hema lipigwe, ngoma ichezwe, utepe ukatwe, hotuba ziwe fupi kwa ajili ya upepo, kisha mgeni rasmi aingizwe ndani, apewe birika la kumwagia maji kwenye ramani ya udongo na kiazi cha kufinyangwa mkononi, halafu atolewe nje na mama aliyewahi kuchimba, aoneshwe nyasi kavu. Waandishi wa habari watapiga picha za nyasi kavu. Kama maelezo yametosha, watajua waandike nini chini yake.

Baada ya hapo kuna miezi minne ya kurekebisha. Kitabu cha wageni kiwe na safu ya ziada, ya swali ambalo halikujibiwa, na kila Ijumaa wafanyakazi wakisome pamoja. Maswali ya wanafunzi wa Kyela yasomwe kwanza, kwa kuwa wao wanaweza kurudi. Mwongoza wageni wa Matema apande Matamba wiki moja, wa Matamba ateremke wiki nyingine. Na fundi asilipwe malipo ya mwisho kabla ya Desemba: paa linalovuja halijulikani mwezi wa saba.